Mizani ya Amplifaya na Sabufa Katika Gari

Msomaji mwema unayeazimu kutia sabufa katika gari lako, nakusihi usianze na amplifaya. Watu wengi huanza nayo, kwa sababu ndiyo yenye umbo la kupendeza na namba kubwa juu ya boksi lake. Kisha hutafuta sabufa za kuifuata. Na mwisho kabisa, waya zikiwa zimekwisha kulazwa chini ya zulia na fundi amekwisha kulipwa ujira wake, ndipo hukumbuka kwamba umeme wote huo sharti utoke katika betri moja na alteneta moja. Utaratibu huo ni kinyume cha ulio sawa. Shauri jema huanza katika koili ya sabufa, likarudi hadi kwenye amplifaya, likafuata waya mpaka kwenye betri na alteneta. Na kila kituo katika njia hiyo kina namba yake, ambayo mtu akiijua kwa yakini hahitaji kuwa mhandisi ili apate sauti nene, safi na yenye kudumu.

Sabufa, kama zilivyo spika karibu zote za leo, hufuata kanuni ambayo Wamarekani wawili wa General Electric, Chester Rice na Edward Kellogg, waliieleza bayana mwaka 1925: koili ya waya imetundikwa ndani ya pengo la sumaku, na umeme upitapo humo koili husukumwa mbele na nyuma, pamoja na koni iliyogandishwa nayo, ambayo ndiyo iusukumao upepo tuusikiao kama sauti. Kwa madhumuni yetu koili hiyo ina sifa mbili. Ya kwanza ni joto inayoweza kulistahimili, ambalo hupimwa kwa wati. Ya pili ni ukinzani wake mbele ya umeme, ambao hupimwa kwa omu, kwa jina la Mjerumani Georg Simon Ohm aliyeitangaza kanuni yake mwaka 1827. Aghalabu ya sabufa zinazoungua na amplifaya zinazozimika huharibika kwa kuwa moja ya sifa hizo mbili ilidharauliwa, ilhali vyombo vyenyewe vilikuwa vizima.

Tuanze na wati, maana hapo ndipo penye udanganyifu mwingi. Nyuma ya sumaku ya sabufa, au katika karatasi yake, utakuta namba mbili: kubwa, iliyofuatana na neno MAX au PEAK, na ndogo, iliyofuatana na herufi RMS. Ile kubwa, hata inapokuwa ya kweli, ni kiasi ambacho chombo hukivumilia kwa kitambo cha kufumba na kufumbua, na mara nyingi si kipimo cha kitu chochote ila ni tamaa ya muuzaji. Ile ndogo ndiyo ambayo koili huweza kuichukua saa kwa saa bila ya gundi yake kulainika wala waya wake kubabuka. Fanya hesabu zako zote kwa RMS, ya sabufa na ya amplifaya pia. Wala usipime MAX ya hii kwa RMS ya ile, kwa kuwa mizani ya namna hiyo imekwisha kupinda kabla ya kuinuliwa.

Tangu mwaka 2003 watengenezaji wa Marekani wana kanuni ya hiari iliyoitwa CEA-2006, na ambayo sasa huitwa CTA-2006, inayotaka wati za amplifaya ya gari zipimwe kwa volti 14.4, katika mzigo wa omu 4, huku uchafu wa sauti ukiwa hauzidi asilimia 1. Amplifaya yenye alama ya kanuni hiyo neno lake hukubalika. Lakini nyingi utakazozikuta Kariakoo au Luthuli Avenue hazina alama hiyo, na kwa kuwa si zote mbaya, yafaa ujue njia ya kuzihoji bila ya kuzifungua. Tazama fyuzi iliyochomekwa ubavuni mwake, na kama ni zaidi ya moja, zijumlishe. Tuseme amplifaya imeandikwa wati 3000, ilhali fyuzi yake ni ya ampea 30. Ampea 30 ukizizidisha kwa volti 13.8, ambazo ni umeme wa kawaida wa gari linalonguruma, utapata wati 414. Hizo ndizo zinazoweza kuingia kwa mfululizo bila ya fyuzi kukatika, na zitokazo haziwezi kuwa zaidi ya zile ziingiazo. Kama ni amplifaya ya klasi D, ambayo hupoteza umeme kidogo, huenda zikatoka kama wati 330. Kama ni ya klasi AB, ambayo hugeuza karibu nusu ya umeme wake kuwa joto, zitatoka wati 200 na ushei. Hesabu hiyo ya dakika moja, ambayo kila mtu anaweza kuifanya akiwa amesimama mbele ya meza ya muuzaji, ina thamani kupita maelezo yote yaliyochapwa kwenye boksi.

Sasa omu. Hapa wengi huteleza kwa kudhani kwamba namba kubwa ni mzigo mkubwa, na hakika ni kinyume chake: kadiri omu zinavyopungua ndivyo mkondo wa umeme unavyopita kwa wingi, na ndivyo amplifaya inavyotaabika. Amplifaya ni kama hamali aliyezoea kubeba gunia moja, ambaye ukimtwisha mawili atakwenda kwa haraka hatua chache, watu wakamsifu kwa nguvu zake, kisha atapiga magoti. Ndiyo maana karatasi ya amplifaya hutaja wati zake kwa kila kiasi cha omu, pengine wati 250 kwa omu 4, wati 400 kwa omu 2 na wati 600 kwa omu 1, na hutaja pia kikomo ambacho chini yake haikubali kufanya kazi. Kikomo hicho ni amri.

Tuchukue mfano ulio wa kawaida katika miji yetu: sabufa mbili za inchi 12, kila moja ina koili mbili za omu 4, na kila moja hustahimili wati 300 RMS, jumla wati 600, zitiwe katika buti ya gari dogo la Kijapani. Koili mbili za sabufa moja zikiungwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, omu 4 na omu 4 huwa omu 2. Zikiungwa mfululizo, hasi ya koili ya kwanza ikashikana na chanya ya pili, huwa omu 8. Basi sabufa zote mbili, na koili zote nne, zikiungwa sambamba, amplifaya itaona omu 1. Na kila sabufa ikiungwa mfululizo ndani yake, kisha sabufa mbili zikakutana sambamba, amplifaya itaona omu 4. Kwa jozi hiyo hakuna njia ya kupata omu 2 kwa mgawo ulio sawa, hata fundi akiapa. Lau sabufa hizo zingekuwa za koili mbili za omu 2, mambo yangegeuka: mfululizo ndani ya kila sabufa, kisha sambamba baina yao, ingekuwa omu 2 sawasawa, na zote sambamba ingekuwa nusu omu, mzigo ambao amplifaya chache mno huweza kuubeba.

Kwa hiyo usinunue sabufa kabla ya kujua utaziungaje, wala usinunue amplifaya kabla ya kujua sabufa zako zitaionyesha omu ngapi. Kwa mfano wetu, mwenye sabufa za omu 4 ana njia mbili za haki: amplifaya ya chaneli moja yenye kutoa wati 600 RMS kwa omu 1, au ile yenye kutoa wati hizo hizo kwa omu 4. Ya kwanza kwa kawaida ni ndogo na bei yake ni nafuu. Ya pili hufanya kazi kwa baridi zaidi na haipotezi umeme mwingi. Mimi, kwa gari ambalo alteneta yake ni ile iliyotoka nayo kiwandani, hupendelea ya pili, na sioni haya kumshauri mtu aongeze fedha kidogo kwa ajili yake, maana katika buti iliyofungwa, chini ya jua la Mombasa au la Dar es Salaam, joto ndilo adui wa kwanza wa chombo hicho.

Yupo pia mwenye amplifaya ya chaneli mbili anayetaka kuibriji, yaani kuziunga chaneli zote mbili ziendeshe mzigo mmoja. Jambo hilo lafaa, ila akumbuke kuwa kila chaneli huona nusu ya mzigo huo. Amplifaya iliyoandikwa kikomo cha omu 2 kwa kila chaneli, ikibrijiwa, kikomo chake ni omu 4. Akiitia omu 2, kila chaneli itakuwa inabeba omu 1, na haitachukua muda kabla ya taa yake ya hatari kuwaka. Wala usichanganye katika amplifaya moja sabufa zenye omu tofauti, kwa kuwa hazitagawana umeme sawa, na moja itaungua huku nyingine ikisinzia.

Baada ya kuunga, na kabla ya kuufikisha waya kwenye amplifaya, pima kwa tesa. Gusanisha kwanza ncha mbili za tesa uone waya zake zenyewe zina ukinzani gani, ukautoe katika hesabu. Koili ya omu 4 itasoma pungufu kidogo, kama omu 3.2 hadi 3.7, na hilo ni sahihi. Jozi iliyokusudiwa kuwa omu 4 nayo itasoma baina ya 3 na 4. Ukiona 1 mahali ulipotarajia 4, umeunga visivyo. Jaribu pia mwelekeo: chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusisha chanya yake kwa chanya ya sabufa na hasi kwa hasi, nayo koni itatoka nje kwa mruko mdogo. Sabufa moja ikitoka na nyingine ikiingia, zitakuwa zinabatilishana, na utashangaa kusikia besi nyembamba kutoka katika vyombo vikubwa, pengine ukalaumu amplifaya isiyo na hatia.

Mintarafu kiasi cha wati, usihangaike kutafuta ulinganifu wa namba kwa namba. Amplifaya ya wati 500 na ya wati 600 hutofautiana kwa pungufu ya desibeli 1, ambayo sikio halitambui ndani ya gari lenye mngurumo wa injini. Na hata ukizidisha wati mara mbili, utaongeza desibeli 3 tu. Mafundi wengi husema kwamba amplifaya dhaifu huua sabufa, na kauli hiyo, ikiachwa bila ya tafsili, hupoteza watu. Wati chache haziunguzi koili. Kinachoiunguza ni mwenye gari asiyeridhika na wati hizo, ambaye huikaza amplifaya kupita uwezo wake mpaka mawimbi ya sauti yakakatwa vichwa na kuwa bapa; mawimbi ya namna hiyo hubeba nguvu nyingi kuliko yale yaliyokusudiwa, na koili huyapokea kama joto lisilo na mapumziko. Amplifaya yenye nguvu kidogo kupita sabufa, katika mkono wa mtu mwenye kiasi, ni salama kuliko iliyo dhaifu katika mkono wa mtu mwenye pupa.

Tufuate sasa waya kurudi kwenye betri. Wati 600 za klasi D, kwa ufanisi wa asilimia 80, zinataka wati 750 ziingie, nazo kwa volti 13.8 ni ampea 54 pindi amplifaya inapokazwa kikamilifu. Kwa klasi AB zingekaribia ampea 80. Alteneta ya gari dogo aghalabu hutoa baina ya ampea 60 na 100, na katika hizo taa, kiyoyozi, feni na injini zina haki yao kabla ya muziki. Habari njema ni kuwa muziki haupigi kwa ukamilifu wake kila nukta, na wastani wake huwa chini sana ya kilele. Ndiyo sababu klasi D ya wati 600 yaweza kuishi katika gari la kawaida. Ila taa za mbele zikififia kwa kila kishindo cha ngoma, gari linakuambia kwamba limefika ukomo wake, na dawa yake ni alteneta kubwa zaidi au kupunguza sauti. Kapasita, ambayo huuzwa sana kwa ajili ya tatizo hilo, haizalishi umeme. Huuweka tu kwa nukta chache na kuurudisha, nayo haiwezi kuziba pengo la alteneta ndogo.

Nitoe hadhari kwa wenye mabasi na malori, hasa Fuso na Coaster za dizeli: magari mengi ya jamii hiyo hutumia volti 24, na amplifaya za kawaida hutaka 12. Usimruhusu mtu kuchukua umeme katika betri moja kati ya hizo mbili ili kupata volti 12, ingawa njia hiyo imeenea, kwa kuwa betri moja itadhoofika huku nyingine ikijazwa kupita kiasi, na zote mbili zitakufa mapema. Tumia kigeuzi cha kushusha volti 24 kuwa 12, chenye ampea zinazotosha kwa amplifaya uliyo nayo.

Waya wa kutoka betri uwe wa shaba halisi, na kwa ampea tulizozitaja usiwe mwembamba kuliko milimita za mraba 21, ambao katika vipimo vya Kimarekani huitwa geji 4. Waya wa alumini uliopakwa shaba huuzwa kwa wingi na hufanana sana na ulio halisi. Ukikwangua uzi wake mmoja kwa kisu utaona weupe ndani, na kama ndio ulio nao, chukua ulio mnene zaidi. Fyuzi iwe karibu na betri, katika sentimita 45 za kwanza za waya, si nyuma karibu na amplifaya, kwa kuwa kazi yake ni kuulinda waya unaopita chini ya miguu ya abiria. Waya huo ukikwaruzwa na chuma na kugusa bodi ya gari bila ya fyuzi, huwaka moto. Waya wa ethi uwe mnene sawa na ule wa chanya, mfupi iwezekanavyo, na mahali unapofungwa pasuguliwe rangi hadi chuma kitoke. Kwa wakazi wa pwani naongeza kupaka grisi juu ya kifungo hicho, maana upepo wa chumvi hauachi chuma kilicho wazi kikae salama. Waya za sauti zilazwe ubavu wa pili wa gari, mbali na waya wa umeme, usije ukasikia mluzi unaopanda na kushuka pamoja na injini. Na kama redio ni ile iliyokuja na gari kutoka Japani, huenda haina matundu ya kutolea sauti kwenda amplifaya. Chagua basi amplifaya inayokubali waya za spika moja kwa moja.

Hatua ya kuweka geni ndiyo ambayo watu huiharakisha, nami naiona kuwa ndiyo roho ya kazi yote. Geni ni kile kitufe cha kuzungusha kilicho kwenye amplifaya, nacho kimewekwa ili nguvu ya redio ilingane na mahitaji ya amplifaya. Mwenye kukidhania kuwa ni cha kuongezea sauti hukizungusha mpaka mwisho, akaiua sabufa siku hiyo hiyo. Fungua waya za sabufa, zima kila kikoleza-besi katika redio na katika amplifaya, rudisha geni chini kabisa, washa injini, weka redio kwenye robo tatu ya sauti yake, na upige mlio mmoja wa majaribio wa hezi 50. Kisha zidisha wati unazozitaka kwa omu za mzigo wako, utafute kipeuo cha pili cha jibu: wati 600 kwa omu 4 ni 2400, na kipeuo chake ni 49, kwa omu 1 ni 600, na kipeuo chake ni 24.5. Hizo ndizo volti ambazo tesa, ikiwa kwenye volti za AC, yapasa izisome katika matundu ya amplifaya. Pandisha geni polepole mpaka izisome, usimame hapo, na uirudishe sabufa. Volti zikigoma kupanda kabla ya kufika, amplifaya imekuonyesha kwamba wati zake hazifiki hizo ulizozitaka. Rudi nyuma kidogo na uridhike nazo. Tangu siku hiyo usipite ile robo tatu ya redio.

Kichujio cha sauti za juu kiweke karibu na hezi 80, ili sabufa isizungumze maneno ya mwimbaji. Kama sanduku la sabufa lina tundu, weka pia kichujio cha sauti za chini kabisa, hezi chache chini ya zile ambazo sanduku limetengenezewa, kwa sababu chini ya hapo upepo wa ndani hauishiki tena koni, nayo hurukaruka mpaka ipasuke hata kwa wati zilizo halali. Sanduku lililofungwa pande zote, ambalo Mmarekani Edgar Villchur alilipa heshima kwa spika zake za mwaka 1954, halina hatari hiyo kwa kiasi kikubwa, na kwa mtu anayesikiliza taarabu na rumba kuliko ngoma za vishindo ndilo ninalolisifu, kwa kuwa besi yake hukoma pale gitaa la besi linapokoma.

Amplifaya ifungwe mahali inapopata hewa, juu ya ubao, si chini ya zulia wala ubavuni mwa sanduku linalotetemeka. Baada ya juma la kwanza, hasa kwa anayepita barabara za vumbi na matuta, fungua buti, kaza upya kila parafujo ya waya, na uweke kiganja juu ya amplifaya baada ya safari ya nusu saa yenye muziki: vuguvugu ni kawaida, lakini ikiwa kiganja hakivumilii kukaa hapo, pima tena omu za sabufa kabla ya kuiwasha mara nyingine.